Kiatu Changu Kiko Katika Shamba Lisilouzwa

Leo nimejiaibisha mpaka kiatu changu kimenikimbia.

Naandika haya nikiwa nje ya nyumba, miguu iko ndani ya karai la maji moto. Mnajua mimi huandika polepole, kwa hivyo msianze kuuliza "halafu?" kabla sijamaliza. Na Mutua, najua uko hapa kwenye kundi. Nyamaza kwanza. Utaongea nikimaliza (ikiwezekana, usiongee kabisa).

Sasa sikilizeni.

Nyote mnajua huu ni mwaka wangu wa tatu kwenye bodaboda. Kitu ambacho hamjui ni kwamba kwa hiyo miaka mitatu sijatembea. Siongezi chumvi. Nikitaka mandazi pale kona, nawasha pikipiki. Nikitaka kumwambia jirani apunguze redio, nawasha pikipiki. Choo cha ploti yetu kingekuwa na barabara, ningekuwa naenda nayo. Tumbo limeanza kulalia tangi la mafuta, na mimi nilikuwa nafikiri hiyo ni afya.

Kwetu nakaa na Koko, nyanya yangu, ambaye ndiye aliyenilea. Mwaka jana magoti yake yalikataa kabisa. Hata kutoka kitandani alikuwa ananiita. Halafu akaja Nashipae.

Nashipae ni mhudumu wa afya wa mtaa wetu. Anapita nyumba kwa nyumba na kimkoba chake cha bluu, anapima watu presha, anauliza kama watoto wamechanjwa. Siku aliyofika kwetu aliyabonyeza magoti ya Koko, akasema, "Koko, haya magoti hayajazeeka. Yamechoka kukaa."

Jumamosi iliyofuata Koko akaenda uwanja wa kanisa, kwenye mazoezi ambayo Nashipae huongoza. Huko kuna watoto, kuna akina mama, kuna wazee. Kila mtu anafanya ya umri wake. Sasa hivi Koko anabeba mtungi wa lita ishirini kutoka bombani bila kupumzika hata mara moja. Akifika ananikuta nimeketi juu ya pikipiki, ananiambia, "Usishuke, mwanangu. Utaumia."

Basi nikaanza kumpeleka Koko mazoezi kila Jumamosi. Alikuwa anaweza kutembea. Alikuwa anataka kutembea. Ni mimi niliyesisitiza kumpeleka. (Sababu mnaijua. Ina kimkoba cha bluu.)

Jumamosi sita nimekaa kando ya ua, juu ya pikipiki, nikimwangalia Nashipae akifundisha watu kunyoosha mikono. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vipya vyeupe, vile ambavyo vilikuwa havijawahi kugusa ardhi sawasawa. Katika Jumamosi zote sita nilimwambia neno moja tu, la salamu. "Sopa." Na nililisema chini sana mpaka akauliza, "Umesema?" Nikawasha pikipiki nikaondoka. Nikafika nyumbani ndipo nikakumbuka nimemwacha Koko.

Ningeendelea hivyo na haya zangu, na hakuna mtu angejua, kama si Mzee Koinet.

Mzee Koinet ana miaka sabini na tatu. Ni mwembamba kama fimbo yake. Amechunga ng'ombe tangu akiwa mdogo, ametembea mpaka Mashuuru na kurudi mara nyingi kuliko mimi nilivyoenda sokoni. Anaingia uwanjani na akala zake miguuni na shuka begani, na Nashipae anaanza kucheka kabla hajasema kitu. Mzee anasema habari, anacheka. Mzee anakohoa, anacheka. Jumamosi iliyopita nilihesabu. Mara kumi na moja! Mimi amenichekea mara moja tu, na ni siku ile helmeti ilikataa kutoka kichwani.

Halafu anamsifu mbele ya watu. "Mwangalieni Mzee Koinet anavyochuchumaa! Hayo ni magoti ya kijana wa miaka ishirini na mbili!"

Mimi ndiye kijana wa miaka ishirini na mbili. Magoti yangu hakuna aliyeyauliza.

Ndiyo, nilikuwa naona wivu kwa mtu wa umri wa babu yangu. Nilikuwa nalala nikiufikiria wivu huo, naamka nao, naupakia kwenye pikipiki tunaenda nao kazini. Chekeni hapo, halafu tuendelee.

Leo asubuhi nikafika na Koko kama kawaida. Nashipae alikuwa amesimama katikati ya uwanja akitangaza. Alisema Jumamosi ijayo kuna siku ya mazoezi kule Kajiado mjini, na yeye atakwenda na watu wachache kutoka kundi letu. Atawataja leo, baada ya matembezi. Matembezi yenyewe ni kutoka kanisani mpaka kwenye tangi la maji, kule ng'ambo ya ile ploti kubwa tupu, na kurudi.

Akaendelea kueleza namna atakavyochagua watu hao. Mimi sikusikiliza. Nilikuwa naangalia mkono wake. Mkono wake ulikuwa umeshika kiwiko cha Mzee Koinet.

Kajiado kwenda na kurudi! Siku nzima kando yake! Na nani atakaa hapo? Mzee Koinet na fimbo yake!

Nikashuka kwenye pikipiki.

Watu waligeuka. Koko alishika mdomo. Nikatembea mpaka katikati ya uwanja (tayari nilikuwa nimeanza kutoa jasho), nikamwambia, "Nashipae, na mimi natembea leo."

Alisikia mara ya kwanza! Akatabasamu. "Karibu sana, kwani ni wewe tu tulikuwa tunangoja."

Hayo maneno yawekeni kando. Tutayarudia, kwa uchungu.

Nikampigia Mutua aje achunge pikipiki. Alikuja mbio, akaniona na viatu vyeupe katikati ya akina nyanya, akatoa simu. "Nani ataiba pikipiki kanisani? Hii siwezi kuikosa, buda. Nakuja na wewe."

Kabla hatujaanza, Mzee Koinet akapita akisalimia watu. Kwa wale ambao si wa kwetu, kijana hamsalimii mzee kwa mkono. Unainama, unampa kichwa, anakuwekea kiganja juu. Watoto waliinama. Akina mama waliinama. Nashipae aliinama. Hata Mutua, ambaye ni Mkamba, aliinama vizuri mpaka Mzee akamshukuru, "ashe oleng".

Akafika kwangu. Nikafikiria: nikiinama hapa, mbele ya huyu msichana, mimi ndiye mtoto na huyu ndiye mwanamume.

Nikatoa mkono. Niliunyoosha wote, kama mtu anayesalimia rika lake.

Jamani, hata kuku wa mchungaji waligeuka.

"Lemayian!" Koko alisema kwa ile sauti yake ya siku nilizokuwa naiba sukari.

Mzee Koinet aliangalia ule mkono jinsi mtu anavyomwangalia mbuzi mnadani. Kisha akaushika. Akaubonyeza kidogo.

"Ni laini," alisema. "Haya, layioni. Twende."

Layioni! Hivyo ndivyo tunavyomwita mvulana mdogo ambaye hata ndama hajapewa achunge! Na Nashipae alikuwa amesimama hapo hapo, anauma mdomo asicheke.

Sasa ikawa vita.

Wengine walianza kutembea. Mimi nilianza kukimbia. Hatua mia moja za kwanza nilikuwa mbele ya kila mtu, na nilipogeuka nikaona Nashipae ananiangalia. Hatua mia ya pili kifua kikaanza kupiga kelele kama injini isiyo na oili. Hatua mia ya tatu sizikumbuki. Nakumbuka tu nilikuwa nimeshika nguzo ya stima na nguzo ndiyo ilikuwa inanisaidia kusimama.

Wakaanza kunipita. Kwanza watoto. Kuna kasichana kamoja ka darasa la pili kalinipita kakirukaruka kinyumenyume, kakiniangalia usoni. Wakafuata akina mama wakiongea mambo ya bei ya maziwa, hakuna hata mmoja anayehema. Akapita Koko. "Vuta pumzi kwa pua, mwanangu," akaniambia, na hakusimama.

Wa mwisho akaja Mzee Koinet na Nashipae, bega kwa bega. Mzee hakuwa na haraka yoyote. Alikuwa anamsimulia juu ya fahali mmoja aliyekataa kuingia mnadani Bisil, akakaa chini barabarani magari yakamngoja. Nashipae alikuwa anafuta machozi kwa kucheka. Hiyo sikuihesabu kama moja. Niliihesabu kama tatu.

Walinipita. Mzee aliniinulia fimbo.

Mbele kidogo njia inapinda. Inazunguka ile ploti kubwa ambayo haijajengwa, yenye kile kibao kilichoandikwa SHAMBA HILI HALIUZWI. Ua wake ni waya mbili zilizolala chini. Na ukisimama pale, tangi la maji unaliona moja kwa moja, ng'ambo tu. Nikafikiria: nikikata hapa katikati, nitafika tangini kabla yao. Nitawangoja nimeegemea, mguu mmoja juu ya mwingine. Nashipae atanikuta nimepoa.

Jana usiku ilinyesha. Na udongo wetu mweusi mnaujua. Ukiwa mkavu unapasuka, ukinywa maji unashika. Hata mbuzi mvua ikinyesha wanazunguka. Mimi nimezaliwa hapa Kitengela, nilikuwa najua hayo kabla sijaenda shule. Lakini kwa miaka mitatu kichwa kilikuwa kinajua na miguu ilikuwa imesahau.

"Buda, hapo hapapitiki!" Mutua akapiga kelele nyuma yangu.

"Wewe chunga simu yako!"

Nikaruka waya.

Hatua za kwanza zilikuwa za nyasi, hata nikajisifu. Hatua ya kumi, kila kiatu kilikuwa kimekuwa kama mkate. Hatua ya ishirini, kama kigoda. Nilikuwa nimerefuka, nawaambia, niliona mbali. Kisha mguu wa kushoto ukaingia mpaka kwenye goti. Nikauvuta. Mguu ulikuja. Kiatu kilibaki.

Nikasimama na mguu mmoja, nikifikiria. Mwishowe mguu ulichoka, nikauweka chini. Ukaingia tena. Wa kulia ukaona mwenzake ameenda, ukamfuata.

Sasa, mtu mwingine angepiga kelele. Mimi nina haya. Nilibaki nimesimama hapo katikati ya shamba nikijifanya naangalia mawingu.

Mutua alikuwa amefika kwenye waya. Simu iko juu. "Wameandika haliuzwi," akasema, "na wewe umeshaweka nguzo?"

"Mutua, nitoe."

"Na hivi viatu vyangu? Ngoja kwanza, hapa jua linanipiga. Wacha nizunguke nikuchukue video kutoka upande ule wa tangi."

Na akazunguka, kwa miguu. (Shikeni hilo pia.)

Kutoka pale nilipopandwa niliwaona wote wakifika kwenye tangi. Niliwaona wakinywa maji. Niliwaona wakinyoosha mikono, watoto kwa wazee. Nilimwona Mzee Koinet akiwaonyesha watoto namna ya kuruka, na watoto wakiruka, na Nashipae akiruka. Nilikuwa na nafasi nzuri kuliko mtu aliyelipa tiketi. Wivu ulinishika mpaka nikajaribu kutembea, nikazama zaidi.

Walipokuwa wanarudi, kasichana ka darasa la pili ndiko kaliniona. "Nashipae! Kuna mtu amepandwa!"

Wote wakajipanga kwenye waya. Koko akaweka mkono juu ya macho. "Ni mtoto wa nani huyo amejileta mpaka..." Kisha akaushusha mkono. "Woi. Ni wangu."

"Lemayian!" Nashipae akaita. Alikuwa anajua jina langu! Jumamosi sita nimengoja alitaje, na analitaja nikiwa hivi! "Unafanya nini huko?"

"Napumzika," nikasema.

"Umesema?"

Mzee Koinet ndiye aliyekuja. Alivua akala, akakunja shuka, akaingia shambani akichagua vichaka vya nyasi kimoja kimoja, kama mtu anayepita nyumbani kwake gizani. Hakuzama hata mara moja. Akafika, akachomeka fimbo, akainama akachimba kuzunguka miguu yangu kwa mikono yake. Kisha akanipa mkono.

Ni mkono ule ule wa asubuhi. Mimi nikanyoosha wangu. Alivuta mara moja. Nilitoka na sauti ambayo sitaiandika hapa kwa sababu kuna watu wa kanisa kwenye kundi. Nikaanguka kifudifudi mbele ya miguu yake.

Akanitembeza mpaka kwenye waya. Kila nyasi aliyokanyaga, nilikanyaga. Tulipofika kwa watu akaniuliza, si kwa ubaya, "Hebu niambie. Ulikuwa unashindana na nani?"

Nilikuwa nimechoka hata kudanganya. "Na wewe."

"Na mimi?" Alishangaa kabisa. "Kwa nini?"

"Nafasi ya kwenda Kajiado."

Mzee akamwangalia Nashipae. Nashipae akaangalia chini. "Mimi siendi Kajiado," mzee akasema. "Jumamosi ijayo niko mnadani Bisil. Nilishamwambia huyu mtoto tangu jana."

Nashipae akaeleza polepole, vile unavyomweleza mtu matokeo ya hospitali. "Lemayian, nilisema asubuhi. Tunachukua mtoto mmoja, kijana mmoja, mama mmoja na mzee mmoja. Kila umri na mtu wake. Wa wazee ni Koko wako. Na kwenye kundi lote kijana alikuwa ni wewe peke yako. Ndiyo maana nilisema tunakungoja wewe."

"Kwa hivyo..."

"Kwa hivyo ulihitaji tu kufika kwenye tangi na kurudi kwa miguu. Hata ungekuja wa mwisho. Hata ungekuja jioni."

Nilikuwa sina mpinzani, jamani. Nilikimbia peke yangu, nikashindwa.

Na haikuisha hapo. Nashipae akamgeukia Mutua, ambaye alikuwa bado anapiga picha. "Na wewe, nilikuona kwenye tangi. Ulienda kwa miguu?"

"Eeh," Mutua akasema. "Nilikuwa natafuta upande wenye mwangaza mzuri."

"Uko na miaka mingapi?"

"Ishirini na tatu."

"Basi kijana tumepata."

Mutua! Aliyekuja kuchunga pikipiki! Na hakuichunga!

Kisha Nashipae akanifuata mahali nilikuwa najifuta na majani. Akaniambia nisivunjike moyo, mwili ulioketi miaka mitatu haurudi kwa asubuhi moja, unaanza kidogo kidogo. "Njoo Jumatano jioni," akasema. "Nitakuweka na watoto. Wao wanaenda mpaka kwenye ile nguzo ya stima tu."

Nguzo ya stima naijua. Tuna historia.

Kabla hatujaondoka, kuna kitu kimoja nilifanya ambacho sikuambiwa na mtu. Nilimwendea Mzee Koinet, na kiatu kimoja, nikainama. Nilimpa kichwa mwenyewe. Aliweka kiganja na akakiacha hapo kidogo, zaidi ya kawaida. Hakusema layioni. Alisema, "Sopa, Lemayian."

"Epa," nikajibu. Na nilisikika.

Koko alikataa kupanda pikipiki. "Leo mimi na wewe tunatembea," akasema, na akaniambia niisukume. Njia nzima watu walikuwa wananiangalia na kutabasamu. Mama wa mandazi alinitabasamia. Mchungaji alinitabasamia. Nikafikiria, kumbe kutembea kunapendezesha mtu hivi! Nilipofika nyumbani nikajiona kwenye kioo cha pikipiki. Juu ya kichwa, mpaka kwenye paji la uso, kulikuwa na alama ya matope meusi iliyokauka. Kiganja kizima. Vidole vitano.

"Koko! Mbona hukuniambia?"

"Hiyo ni salamu yako ya asubuhi," akasema. "Imechelewa. Wacha ikae."

Sasa hivi yuko ndani anajaribu leso za kwenda nazo Kajiado. Amenitokea mara tatu kuniuliza ipi inamfaa kukaa nayo karibu na Nashipae. Yaani nimefika mahali naonea wivu nyanya yangu. Na Mutua, nimeona umebadilisha picha yako, umevaa tai. Tai ya nini? Ni mazoezi!

Kiatu changu cha kushoto bado kiko kule shambani. Atakayepita akione, aniletee, lakini apitie njia ya kuzunguka.

Na ile video, Mutua, nakuomba kama ndugu, usiitume. Nyinyi wengine nawaomba msicheke. Kama ni lazima mcheke, basi shukeni kwenye pikipiki mcheke mkitembea.